Mshale Juu ya Kioo

Faili lako, Eilert, nimelifungua saa mbili asubuhi.
Tromsø, nje giza.
Jua hatujaliona tangu mwisho wa Novemba
na tingatinga la theluji linakwaruza barabara
kama mtu anayetafuta alichokidondosha.

Protini imejikunja vile vile ulivyoiacha,
utepe wa samawati, utepe wa machungwa,
kimeng'enya cha samaki aishiye chini ya barafu
ambaye baridi haijamkatisha hamu ya kula.

Wahakiki wanataka picha safi.
Nikaanza kufagia.
Nikafuta vitone vya njano ulivyopimia umbali,
nikafuta tufe jekundu, na herufi zako nene
zilizotangaza HISTIDINI, kana kwamba tungesahau.
Kila lebo, kabla sijaifuta, ilizunguka na mwenyewe:
imefungwa kwenye atomi yake,
atomi ikienda nyuma nayo yaenda,
ikijificha, yajificha.

Isipokuwa mshale mmoja.
Mweupe, mwembamba, chini yake neno moja: hapa.
Nikageuza molekuli, mshale haukugeuka.
Nikaivuta karibu, haukukua.
Ndipo nikaelewa. Huu hukuupachika kwenye kitu,
uliuchora juu ya kioo,
kama achoraye kwa kidole kwenye dirisha lenye ukungu
akimwambia aliye kando yake, ona mlima ule.
Aliye kando aliuona.
Mimi nimekuja baadaye, kichwa changu kiko pengine,
na mlima umesogea.

Hapa wapi?

Siku tatu nilizungusha.
Mshale ulionyesha mkunjo wa utepe, ukaonyesha weusi mtupu,
ukaonyesha, nyuzi kumi kushoto,
kitu ambacho kingeweza kuwa kitu.
Synnøve akapita na mkate wake wa jibini la kahawia.
Futa tu, akasema, mshale usio na pa kuonyesha ni uchafu.
Ni kweli.
Sikufuta.

Jumapili nikavuka daraja, kompyuta ndani ya begi,
hadi chumba cha mwisho cha makao ya wagonjwa
unakokaa tangu damu ilipoziba njia kichwani
ikakuachia maneno mawili, ndiyo na jamani,
na mkono wa kushoto.

Niliweka kioo juu ya magoti yako,
nikazungusha polepole
kama ageuzaye chapati asitake iungue.
Jamani, ulisema.
Nikaendelea. Utepe ulipita, pete ya histidini ikapita,
theluji ikaporomoka kutoka paa la jirani, hatukugeuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini chaonyesha alipo.
Uliinua chako, ukagonga kioo mara moja.
Nikasimama.

Mbele ya mshale palikuwa na shimo dogo,
nafasi ya maji. Si tone. Molekuli moja tu,
oksijeni na hidrojeni zake mbili, basi.
Nikashusha kizingiti cha ramani
na wingu hafifu likajitokeza humo, la kijivu,
lingeweza kuwa maji, lingeweza kuwa makelele ya mashine.
Nikapima. Angstromu mbili nukta nane upande huu,
upande ule tatu kasoro kidogo.
Umbali ambao maji hupenda kukaa.

Ila wakati ule ule muuguzi alikuwa ameingia na kahawa,
na sijui, Eilert, kama uligonga kwa ajili ya shimo
au kwa ajili ya kikombe.
Ndiyo, ulijibu, nilipouliza la kwanza.
Ndiyo, nilipouliza la pili.
Kisha ukanywa, mkono ukitetemeka,
nami nikashika kisahani.

Usiku nimeupachika mshale upya,
safari hii ndani, kwenye atomi.
Ukizungusha unageuka. Ukivuta unakua.
Neno lako sikuligusa.
Nimeongeza tu mbele yake alama ya kuuliza,
ndogo, ya kijivu,
ambayo kwenye karatasi, ikishachapwa,
huenda isionekane.