Kopo la Sukari

Saa saba usiku, Barabara ya Kumi na Mbili,
nimesimama jikoni bila kuwasha taa,
kijiko mkononi, kopo liko wazi.
Sina njaa. Njaa naijua, tumekua pamoja.
Hii ni nyingine, haina jina,
hubisha hodi nyumba ikishalala.

Juzi, visheti vya harusi ya Mwanakombo:
oda mia mbili, nikapeleka mia na sitini na tatu.
Nikasema vingine viliungua.
Havikuungua.

Alfajiri naitoa baiskeli ukumbini,
tairi nimejaza kwa pampu ya fundi Shekiondo.
Kufika Chumbageni cheni inatoka.
Watoto wa shule wanacheka: "Mama, sukuma!"
Nasukuma. Jasho linaniingia machoni,
vidole vimekuwa vyeusi kwa grisi,
siwezi kuvilamba hata nikitaka,
na kwa nusu saa nzima
mdomo umesahau kudai.

Raskazone sikukuta muujiza.
Magoti yaliuma, pindo la kanga limechanika.
Nikanywa maji, nikageuza.

Leo usiku nimelamba vijiko viwili
nikafunika kopo.
Si jambo la kupigiwa vigelegele.
Jana vilikuwa tisa.

Kisha, miguu mitupu, nikaenda ukumbini
kuliminya tairi la mbele gizani.
Limelegea.
Itabidi nimgongee Shekiondo mapema,
anune akitaka,
anipe pampu.