Usiguse

Billingham, kaskazini mwa Uingereza, miaka kumi na mmoja:
neno la kwanza nililofundishwa lilikuwa hilo.
Beba. Fagia. Kwangua matope tangini
mpaka kikohozi chako kinuke yai viza.
Lakini gurudumu lile jekundu la vali, we kijana, usiguse.

Nikaipeleka mikono yangu ilikotakiwa, kwenye mpini wa beleshi,
nikawa napita kando ya mitambo
kama mgeni apitaye sebuleni kwa watu,
macho chini, viatu mkononi.

Ila sikio halina kufuli.
Pampu namba nne iliimba kabla ya kuugua,
sauti nyembamba, birika lililosahauliwa chumba cha pili.
Nikamwambia msimamizi.
Alilitazama beleshi, hakunitazama mimi.
Jumatano beringi zikaungua.
Alhamisi nikatumwa kufuta mafuta.

Nilijiandikisha masomo ya jioni nikiwa na arobaini na moja.
Vijana wenye ndevu za wiki moja
walimaliza hesabu za presha kabla sijaipata miwani yangu.
Nyumbani Noreen alikatakata maboksi ya unga wa keki,
akaandika maswali mgongoni mwake.
Aliniuliza nikikaanga mayai.
Aliniuliza nikioga, kupitia mlango:
Mvuke ukikuta bomba la baridi, huwa nini?
Nikikosea, aligonga mara mbili.

Barua sita za maombi. Majibu mawili, yote ya masikitiko.
Ya saba wakaniita.

Watu watatu na jagi la maji.
"Bwana Wetherell, una uzoefu gani wa kuendesha mitambo?"
Ulimi ulikwisha beba neno "sina".
Nikasema: najua ngazi ipi huteleza umande ukiganda.
Najua tangi la tatu lina kovu la kulehemu, upande wa mtoni,
nimelala chini yake, tochi mdomoni.
Najua pampu namba nne ikitaka kufa husemaje.
Mama wa pembeni akaacha kuandika.
"Husemaje?"
Nikamwimbia.
Ndani ya suti niliyomzikia baba,
mbele ya jagi la maji,
nikawa pampu.

Leo ni usiku wangu wa kwanza wa zamu. Desemba.
Redio begani. Kifuani jina langu,
si la wakala wa vibarua.
Dougie na wenzake wanaburuta mpira wa maji;
ananiita bosi, na hacheki.
Au anacheka. Helmeti imemficha.

"Garth, fungua mvuke. Robo mzunguko."

Nasimama mbele ya gurudumu jekundu.
Mkono haunyanyuki.
Miaka kumi na mmoja imening'inia kwenye kiwiko.
"Garth? Unanipata?"

Rangi imebanduka upande wa kushoto.
Chini yake ni chuma tu, baridi kama mpini wowote.

Nageuza.
Bomba linakohoa, linajinyoosha, linakohoa tena.
Mvuke ukikuta bomba la baridi
huwa maji, Noreen, na maji yakikimbizwa huwa nyundo.
Kwa hiyo polepole.
Nangoja.
Robo nyingine.

Namwita Dougie asogee.
Sikiliza, namwambia, hapa, sauti inavyobadilika.
Anaitazama vali.
Anaitazama mikono yake,
kisha anairudisha mfukoni.