Hisa za Reli

"Usishike, jasho lina chumvi," asema Twalibu wa Kuze,
feni kaizima zisije zikaruka.
Hisa za reli ya Meksiko:
garimoshi la wino wa kijani, tai kabana nyoka,
na kuponi ishirini na tatu pembeni,
hata moja haikukatwa;
mwenyewe alingoja gawio, kampuni ikamtangulia kaburini.

Namuuliza, zafaa nini?
"Hazinidai, sizidai. Tumestarehe."

Jalada la mwisho lanuka kafuri.
Ndani, barua ya kiwanja,
muhuri wa zambarau, jina la marehemu babake;
kiwanja chenyewe sasa kina ghorofa nne
na mlinzi asiyetujua.
Hasemi kitu.
Ameipachika kwa mpango wa alfabeti:
Jalisco, Kisauni, Oaxaca.