Zamu ya Tulinagwe

Tuliambiwa tuwahi saa mbili kabla,
kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Songwe,
natetemeka mbele ya mlango wa kioo
ambao wenyewe ulikuwa bado umelala.
Mlinzi akanitazama. "Umewahi," akasema,
na alivyolitamka lilikuwa kosa.

Ndani nikavua koti, mkanda, viatu.
Suruali niliishika kwa mkono wa kushoto,
wa kulia uko juu kama wa mtu anayeapishwa.
Lango likalia.
Nikatoa sarafu. Likalia.
Nikatoa funguo: wa mlango wa mbele, wa stoo,
na ule mdogo wa kabati la dawa za mama.
Likanyamaza.

Kisha asali.
"Hairuhusiwi," akasema dada wa ukaguzi,
kifuani ameandikwa Mwaisumo. "Kimiminika."
Nikamwomba aipindue chupa.
Akaipindua. Tukaikodolea macho,
mimi, yeye, na foleni nzima nyuma yangu.
Asali ya Isongole, mwezi wa saba,
imeganda kama sabuni ya mche.
Haikusogea hata kidogo.
"Ni kimiminika," akarudia, safari hii kwa upole,
akaitia kwenye ndoo, juu ya mikasi
na kisu cha kumenyea viazi cha bibi mmoja wa Chimala
aliyekuwa bado anauliza atakimenyea nini huko aendako.

Mpango ulikuwa hivi:
ndege ya kunichukua mimi ndiyo inamleta yeye.
Wiki zangu tatu kwa mama zimekwisha, zinaanza zake.
Tungeonana kupitia kioo, dakika kumi.
Mlinzi alikubali kumpelekea funguo,
maneno hakukubali,
nami nilikuwa nayo mengi:
uji hanywi mpaka abembelezwe,
usiku huamka kumtafuta mbuzi
tuliyemuuza mwaka wa tisini na nane.

Saa moja na nusu tukaisikia.
Huioni. Ukungu umeketi uwanjani
kama shemeji asiyejua kuaga.
Mlio ukaja toka upande wa Mbalizi,
ukapita juu ya bati, ukaenda, ukageuka.
Sote tukanyanyua shingo kuitazama dari,
kana kwamba dari ina habari.
Mara ya pili. Mara ya tatu.
Dada yangu yuko pale, nikawaza, juu ya utosi wangu,
amefunga mkanda, kiti cha dirishani
alicholipia nyongeza,
anatazama maziwa.

Mlio ukapungua.
Kipaza sauti kikakohoa:
"Tunaomba radhi kwa usumbufu."
Neno hilo lina mgongo mpana, hubeba kila kitu.

Chai elfu sita. Nikainywa.
Basi la alfajiri nililolidharau
sasa lilikuwa Makambako, watu wameshuka,
wanapulizia mahindi ya kuchoma.

Saa nne simu ikatetemeka:
"Nimerudishwa Dar. Huku jua kali.
Amba, nimepita juu ya nyumbani, nadhani.
Walitupa juisi."

Nilimfuata Mwaisumo kuulizia asali.
"Imeshaandikwa," akasema.
Nikatoka nje, na mlima Mbeya umesimama peupe,
hauna hata kitambaa kichwani,
kama si wenyewe uliokuwa umejificha.

Mpaka Igawilo ilikuwa saa saba kasoro.
Mama yuko barazani na shuka lake mabegani.
Akaniangalia begi, akaniangalia uso.
"Tulinagwe," akaita, "umefika.
Ndege za siku hizi hazichelewi."

Nikaketi karibu na miguu yake.
Hazichelewi, mama.

"Na kaka yako? Ameondoka salama?"

Nikapapasa mfukoni ufunguo mdogo.
Ameondoka, nikasema.
Umekunywa uji?