Namba ya Baba

Elfu themanini niliomba, saa nne usiku,
nimelala chali, mwanga wa simu kidevuni.
Ikaingia sitini na mbili.
Kumi na nane ilipotelea njiani
kama kilo za tumbaku kati ya bani na mizani.
Siku saba, walisema, urudishe laki na kumi.
Nikabonyeza Nakubali mara tano bila kusoma.
Mara ya nne waliomba kuona majina yangu yote,
nikawafungulia,
maana walibisha kwa upole.

Mimi ni karani wa chama cha msingi,
ghala letu liko njia ya Sikonge.
Napima marobota, naandika.
Mzee Kapaya: mbolea mifuko sita, atakatwa.
Mama Nyamizi: kamba, dawa ya wadudu, atakatwa.
Atakatwa, atakatwa, kwa rula na wino mwekundu,
na sijawahi kuinua uso nione
neno hilo linamtua mtu wapi mwilini.

Mnunuzi hakuleta fedha. Mshahara ukalala.
Siku ya nane simu ikaanza kutetemeka mezani
kama mende aliyepinduliwa.

“Dada Kalunde, unakula hela za watu na usingizi unapata?”
Sauti ya kijana, laini, aliyelelewa vizuri,
na nyuma yake sauti nyingine nyingi
zinatukana watu wengine, chumba kizima.
Nikasema mshahara.
Akasema, “Huo mshahara wenu nimeusikia tangu asubuhi.”

Adhuhuri walikuwa wameshawaandikia wote,
majina mia mbili na kumi na tatu:
KALUNDE NI TAPELI. MWAMBIENI ALIPE.
Na picha yangu, ile niliyokunja shingo
ili kitambulisho kisomeke.

Ilimfikia fundi cherehani wa Ng'ambo,
ambaye kitambaa changu anacho tangu Pasaka.
Ilimfikia mama mkwe. Yeye hajui kusoma,
akampa jirani amsomee, uani, kwa sauti.
Ilimfikia “Usipokee”,
mwanamume niliyemwandika hivyo miaka mitatu sasa;
akanitumia elfu mbili, na kicheko.
Jioni, sokoni Kachoma, mama wa dagaa
alishika noti yangu juu, akaitazama kwenye jua.

Wakamwandikia na Baba.

Baba tulimzika masika ya mwaka juzi.
Namba yake sikuifuta. Ningeifutaje?

Kesho yake alfajiri ikaita. Baba, kioo kiliandika,
nami nikajikuta nimesimama wima,
natafuta khanga.
“Mwangaluka,” akasema mtu mzima, mwenye kikohozi.
“Hii laini nilisajiliwa Urambo, mwaka jana.
Wananiambia nina binti, na binti ana deni.
Mimi sina binti. Nina vijana wawili,
na madeni wanayo.”

Tukanyamaza. Kwake kulikuwa na jogoo,
na mtu anatwanga.

“Nimewaambia ndiyo, mimi ndiye baba,
wakuache wewe, wanipigie mimi.
Basi wananitukana tangu jana.
Nawaweka chini, sauti juu,
naendelea kumenya karanga.”

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.
Kisha sikucheka tena.

Deni halikupungua hata senti.
Tarehe kumi na nne mshahara ukaingia,
nikalipa laki na arobaini na sita, na ada ya kutuma.
Kabla sijaweka simu chini, ujumbe:
Hongera Kalunde! Sasa unastahili laki mbili.

Leo Mzee Kapaya amekuja na marobota matatu,
moja limelowa ubavuni.
Nimepima. Nimeandika atakatwa, kazi ni kazi.
Ila safari hii nilimwinulia uso, nikamtazama,
naye akarudi nyuma hatua moja, kofia mkononi,
akaniuliza kama kuna deni jingine.