Kielelezo Namba Tisa

Karatasi imevuka bahari kutoka Gyumri,
muhuri juu ya muhuri, kama mablanketi ya mgonjwa.
Hakimu wa Montevideo anaiinua kwenye mwanga:
"Nani anamjua huyu aliyegonga muhuri?"
Wakili anatoa karatasi nyingine,
inayomjua yeye; kisha ya tatu,
inayoijua ya pili.

Araksi, benchi la nyuma, hasemi.
Anaitazama sahihi tu,
herufi ya mwisho ilivyoteleza nje ya mstari:
shangazi Haykanush, na kidole alichokivunja
akifungua mtungi wa matango, baridi ya mwaka ule.

Hilo hakuna aliyeliuliza.

"Imepokelewa," asema hakimu.
Karani anatoboa matundu mawili pembeni,
moja limepita katikati ya jina.