Unasikia Nini?

Muthiani ametandaza gazeti juu ya meza ya kulia,
glasi ishirini, nyingine za kuazima ghorofa ya tatu,
na chupa nne amezivika soksi tusisome majina.
Nje, Ngara inafunga maduka. Milango ya mabati
inashuka mmoja mmoja.

"Msinywe bado," asema. "Wekeni pua kwanza.
Unasikia nini?"

Naipenda lugha yetu kwa hilo: harufu tunaisikia,
kana kwamba kila kinukacho kina neno la kusema
na pua ni sikio lililohamia katikati ya uso.

Gakii anasikia pea, kisha rangi ya viatu.
Okelo, ambaye hajagusa pombe tangu ajali ya Salgaa,
ananusa tu, anaisukuma glasi kwa Sirma,
anajimiminia soda ya tangawizi,
anaandika kwa penseli: biskuti. Biskuti za wageni.

Muthiani anatueleza habari za Uskoti, za mapipa ya mwaloni,
jinsi kila mwaka kiasi fulani hupenya mbao, hupotea hewani.
"Wenyewe huita fungu la malaika."
"Ala!" asema Sirma. "Kumbe hata mbinguni wanadai kitu kidogo."
Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Chupa ya tatu ni moshi.
Sirma anafumba macho. "Hiki ni kibuyu cha nyanya yangu, Kapsabet.
Kimetoka tu kusuguliwa kwa mkaa wa senetwet,
maziwa hayajaingia."
Muthiani anamsahihisha: ni udongo mweusi wa kinamasi,
huchimbwa, huchomwa, moshi wake hukausha shayiri.
"Sawa. Na mimi nakwambia kibuyu."

"Nyaboke?"

Nasema: asali. Nasema: ganda la chungwa.
Naongopa kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Maana ninachosikia ni Mathare, saa kumi alfajiri,
pipa juu ya kuni mbichi kando ya mto,
mrija wa shaba ukipita ndani ya maji baridi,
na mama, leso kiunoni, akilingoja tone la kwanza
kama mtu anayengoja barua.
Tone la kwanza alilimwaga. Kila mara.
"Hilo ni la kuua," alisema.
Kisha kijiko, kisha kiberiti:
bluu, tunauza; njano, na unywe mto.

Pombe ya mama haikuvikwa soksi.
Haikutimiza miaka kumi na miwili; haikuiona hata jioni.
Ilinilipia karo kidato cha kwanza hadi cha nne,
isipokuwa ule muhula alioumalizia Lang'ata
nami nikasema shuleni kwamba amesafiri.

"Elfu kumi na nane," asema Muthiani, akiivua soksi ile ya moshi,
"na ina nguvu, asilimia hamsini na saba."
Mimi ni mhasibu, siwezi kujizuia:
glasi mia tisa, kwa bei ya enzi zile.

Halafu stima inapotea.
Watu wanapapasa simu. "Acheni," nasema.
"Nani ana kiberiti?"
Okelo, sigara bado hajaziacha, ananipa chake gizani.
Naijaza kijiko, nawasha.

Bluu.
Inatambaa ukingoni, haina sauti,
na nyuso nne zimeinama juu yake
kama watu wanaotazama ndani ya kisima.

"Nani alikufundisha hii?" Gakii anauliza.

"Mama," nasema. "Yuko Kariobangi siku hizi. Ana kisukari.
Mwenyewe hakuwahi kuonja."

Kijiko kinaanza kuniunguza vidole.
Muthiani, mwalimu wetu wa usiku huu, anauliza polepole:
"Angekuwa hapa, angesikia nini?"

"Sijui. Angeuliza kwanza
kama lile tone la mwanzo lilimwagwa."